Barza ya Germaine

Lubumbashi, Kamalondo, tarehe 9 mwezi wa pili 2025

Shemeji Adolphine,

Barua hii Nono atakupatia, ule shofere wa bisi ya Likasi. Telefone usiite tena. Masikio yangu ilikufa na mashini ya kutoboa jiwe, unayua. Ukiita naona tu inawaka. Mesaji nayo, macho haione bile binamba bidogo. Andika mu karatasi. Andika mukubwa.

Habari ni hii. Bantu ba projet balikuya. Banataka kutengeneza avenyu yetu. Kanivo, mufereji ya maji, ku mpande yote mbili, na pavé ya majiwe pa katikati. Iko enjenyere moja, Michée, kijana, anavaa kasque ku kichwa ata hatuyaanza kazi. Anasema hataki kuchora peke yake mu biro. Siye bantu ba avenyu tuchore naye. Ni muzuri.

Lakini kanivo itapita pa mabarza, pale tunaikalaka mbele ya nyumba. Barza ya bote itakatwa. Yangu pia. Ile ya Germaine.

Nilibaambia hapana. Nilisema bibi yangu Germaine, dada yako, alikufa mwaka jana na kilio yake haiyatoka. Famille yake habayakuya kuitosha na kuimaliza, kufagia pale bantu balilala chini, kukamata bintu byake, kuninawisha maji. Kama habayafanya vile, fasi ya kilio haivunjwake.

Mama Constance, ule wa kushona nguo mbele yangu, sasa iko presidente wa komite. Alipiga kelele mu sikio yangu: «Basi baite, papa!» Nilimujibu: banayua njia.

Sikuite muntu. Nakuambia habari tu.

Niko muzima. Nakula.

Shemeji yako,
Anaclet


Likasi, tarehe 18 mwezi wa pili

Shemeji, bwana yangu wa bure,

Nono alinikuta ku soko na barua yako mu mukono, mbele ya ba mama bote ba makala. Anapiga kelele toka mbali: «Mama Adolphine, bwana anaandika!» Sasa bananiita fiancée, muchumba wako. Yule wa nyanya alishaniuliza robe ya ndoa itakuwa ya rangi gani. Ona kazi yako.

«Niko muzima. Nakula.» Unakula nini? Na nani? Yaya Germaine alinisemeaka: Anaclet akibakia peke yake, anakula bukari, ugali ya jana, na chumvi, anasema ni mboga. Natuma makala. Pika kintu.

Sasa, kilio. Shemeji, ngoja. Unayua kwetu bila mujomba Faustin hatuwezi kufanya. Ni yeye mukubwa wa famille, maji ni yeye anashika. Na mujomba iko mugonjwa. Miguu ilivimba, analala tu, ata ku misa haende. Akipona tutakuya. Muambie ule mama wa kushona, kilio haina programme ya projet.

Hapa mvua ilibeba daraja ya kwenda shamba. Natembea na viatu ku mukono sawa mutoto. Niandikie. Usiandike «nakula» tu.

Muke wako mudogo wa bure,
Adolphine


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa tatu

Shemeji,

Makala ilifika. Asante. Nilipika mboga ya lenge-lenge.

Jana reunyo, mukutano yetu, ilifanywa mu avenyu, haikuwa mu nyumba. Michée alivuta kamba toka ku bar mpaka ku mwisho, pale kanivo itapita. Akasema: kila nyumba itoke, isimame pale mbele yake itafika, tuone na macho. Bote balitoka. Balisimama mu mustari sawa batoto ba masomo. Ba mama na batoto ku mugongo. Ilikuwa muzuri kuangalia.

Kamba ilifika kwangu. Mi nilikuwa naikala pa barza, mu kiti yangu. Ule wa kushika kamba alinipitisha kamba juu ya magoti.

Constance alikuya ku sikio: «Papa, simama nyuma ya kamba! Dakika moja tu, tuone!»

Nilimuambia: «Nilisimama mu kazi miaka yote. Leo naikala.»

«Avenyu nzima inakungoja weye!»

«Mi pia nangoja bantu.»

Ule wa bar alisema kintu. Bote balicheka, mpaka Michée. Nilimuuliza Constance alisema nini. Constance alikataa kuniambia.

Kamba ilibakia juu ya magoti mpaka reunyo iliisha. Kisha balikunja kamba, balienda.

Mujomba alipona?

Shemeji yako,
Anaclet


Likasi, tarehe 17 mwezi wa tatu

Shemeji,

Nilicheka na kamba juu ya magoti, kisha sikucheka tena.

Ulifanya muzuri. Ikala. Pale pa barza nililala chini siku zote za kilio, kichwa yangu pembeni ya mulango, na bibi wa kwanza mu avenyu kuniletea chai alikuwa ule ule Constance wako. Anayua basi kama si fasi ya kuvunja vile vile.

Mujomba hayapona. Miguu ile ile. Daktari anasema apumuzike. Usibakimbizie bantu ba projet, batangoja. Projet ikitoka kwa serikali inangojaka yenyewe, weye unayua.

Mutoto wangu Princesse aliolewa ku Kolwezi, ulisikia. Nyumba yangu sasa iko na sauti ya maji ya bomba tu. Jioni nasoma barua yako mara ya pili juu ni mufupi, inaisha mbio.

Andika murefu.

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 30 mwezi wa tatu

Madame Adolphine,

Haunikumbuke pengine. Mi ni Constance, jirani ya papa Anaclet. Nono alinielekeza kwako. Nisamehe kuingia mu mambo ya famille, lakini nakuandikia kama mama kwa mama.

Wiki ile inapita mvua ilinyesha usiku mzima. Maji iliingia kwangu mpaka ku pedale ya mashini. Nguo za ndoa ya bantu, bitambaa byeupe, yote ilikunywa matope. Kwa jirani, godoro ya batoto iliogelea. Ni kila mwaka. Mara hii tu ndiyo tunapata projet, na projet ilitupatia muda mpaka nyuma ya Pâques, Pasaka. Kama lupango moja, kiwanja ya nyumba moja, inakataa, maji haiwezi kupita, na batapeleka pavé mu avenyu ingine. Ni haki yabo. Avenyu zinazotaka ni mingi.

Papa anatuambia famille yenu inakataa kukuya kutosha kilio. Mi siko muluba wa kwenu Katanga, wazazi yangu balitoka Kasaï, lakini kilio naiheshimu. Basi nakuuliza: tulibakosea nini?

Na kintu ingine, madame. Papa anaikala pa barza toka asubui. Akiona muntu anavuka avenyu kuelekea kwake, anasimama, anatosha kiti ya pili mu nyumba, anaipanguza na mukono. Muntu akipita tu njia yake, papa anarudisha kiti. Naionaka toka ku mashini yangu. Mi mwenyewe niko na kazi, siwezi kuvuka kila siku.

Mukuye, tafazali.

Constance, presidente wa komite


Likasi, tarehe 5 mwezi wa ine

Anaclet!

Siye tulikataa lini? Barua gani uliandika «kuyeni», nikasema hapana? Nionyeshe! Unaandika «sikuite muntu», «banayua njia», kisha unaenda kusema mu avenyu kama siye famille ya Germaine ni bantu ba kichwa nguvu, banaacha bantu banalala mu maji! Mama Constance ananiandikia na heshima yote, «tulibakosea nini». Nilisikia haya mpaka mu mifupa. Karatasi ya kumujibu iko pa meza, bado nyeupe.

Nilikuambia mujomba iko mugonjwa. Akipona tutakuya. Nikuambie mara ngapi?

Na ile kiti ya pili. Acha kuipanguza bure. Vuka weye avenyu! Iko na mamba?

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 9 mwezi wa ine

Shemeji,

Sikusema munakataa. Nilisema hamuyakuya. Constance anaongeza.

Uko na haki, sikubaite. Sikubaite juu sipende mukuye. Mukikuya mutafagia, mutaninawisha, mutabeba bintu byake, mutaenda. Bile ndiyo desturi. Kisha hamuko tena na mambo na miye. Mi nabakia na kanivo.

Sasa unayua.

Wiki inakuya bantu ba kazi batachimba shimo pa mbele ya barza. Banatafuta tiyo, bomba ya maji ya zamani.

Niko na homa kidogo. Ni malaria ya siku zote.

Anaclet


Lubumbashi, tarehe 17 mwezi wa ine, Jeudi Saint, mbele ya Pâques

Adolphine,

Ulikimbia bila kula. Nakuandikia vile ilikuwa, juu ulienda mbio hauelewe.

Lundi, siku ya kwanza ya wiki, bantu ba kazi balichimba shimo. Balirundika budongo pa mbele yangu. Baliogopa pikipiki isianguke mu shimo. Basi balienda ku kanisa, balikamata matawi ya ngazi, muti wa mawese, ya Dimanche des Rameaux, siku ya matawi, balisimika pembeni ya shimo na balifunga nayo avenyu. Bile banafanyaka mu barabara kubwa gari ikikufa. Michée anatoka Golf, kwa batajiri, hayue desturi yetu. Aliona matawi, akasema ni muzuri, inaonekana toka mbali.

Inaonekana toka mbali ndiyo. Kamalondo, matawi ya ngazi pa njia, pa mbele ya lupango ya muzee, na budongo mupya. Na muzee hayaonekana tangu Dimanche juu ya homa. Kila muntu alisoma kilio. Nono alipita na bisi, hakushuka, aliita Likasi mbio.

Mi siyue kintu. Kesho yake, Mardi, homa ilishuka. Nikasikia njaa, nikapika, nikaikala pa barza, nakula. Naona ba mama banatoka ku kona. Mikono ku kichwa, midomo wazi. Mingi. Nikasema, maskini, jirani iko na kilio. Nikaacha bukari. Nikaweka na mi mukono ku kichwa, nikatoka ku njia kulia nabo.

Mama wa kwanza aliniona, alianguka chini. Wa pili alikimbia, aliacha kiatu. Constance alipiga alama ya musalaba, kisha akanivuta sikio aone kama iko na moto.

Pale ndiyo taxi ilifika. Ulishuka na bunga ku kichwa na kikwembe ulifunga pa kiuno sawa mwenye kilio. Uliniangalia. Uliangusha bunga. Ulinipiga kofi, kisha ulinishika shati na mikono mbili. Ulisema maneno mingi. Sikusikia ata moja.

Kofi ilikuwa nguvu.

Nyuma yako mujomba Faustin alishuka na gunia ya makala ku bega. Kijana wa bar alitaka kumusaidia, mujomba alimusukuma. Miguu yake haiyavimba. Alikuya ku sikio yangu, anapiga kelele mpaka nilisikia yote: «Tunakungoja tangu mwaka jana! Kila mara Adolphine anatuambia weye ndiyo hauko tayari!»

Nikakutafuta. Ulishaenda ku bisi.

Bantu habakuenda. Bunga ilikuwa pale, makala ilikuwa pale. Constance alileta nyungu kubwa, ule wa bar alileta munkoyo ya kunywa. Mujomba alikula sana. Barza ilijaa mpaka bantu baliikala juu ya budongo ya shimo. Michée aliikala pembeni yangu na kasque yake. Tangu kilio ya Germaine sikukuwa na bantu vile.

Mbona ulisema mujomba iko mugonjwa?

Anaclet


Likasi, tarehe 22 mwezi wa ine

Shemeji,

Kwanza nikuambie bisi. Nililia toka Likasi mpaka mu Lubumbashi. Nono aliendesha analia na yeye, gari inaenda kushoto inaenda kuume. Bantu ba mu bisi balianza kulia, si juu yako, juu ya Nono. Mama moja alisema: «Mukitufikisha tuko bazima, na miye nitakuya ku kilio yenu!»

Njia mzima nilikuwa napanga. Nani ataosha mwili. Nani ataita padri. Nitalala wapi pa barza. Nilijua yote ya kufanya. Kisha nakukuta na bukari ku ndevu. Pale ndiyo sikujua tena. Muntu ule alikufa, niko na kazi naye. Muntu ule iko muzima, nimuambie nini?

Mujomba ni muzima, ndiyo. Ni muzima sawa ng'ombe. Unauliza mbona. Jibu yangu ni ile ile yako ya tarehe 9. Uliandika, mi nilisoma nimesimama mu soko, nikafunga duka. Tukitosha kilio, nitapitia kwako kama nani? Mama wa makala anauliza njia. Yaya yangu alikuwa moja tu. Muntu ule anamukumbuka vile alikuwa anacheka na pua, ni miye na weye. Bengine banakumbuka jina.

Lakini nguo ya ndoa ya bantu iko mu matope, na godoro ya batoto. Siwezi tena. Mujomba alipanga Samedi tarehe 3 ya mwezi wa tano. Tutakuya bote. Mara hii sitakimbia, nitashika mufagio miye mwenyewe.

Nyoa ndevu.

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 11 mwezi wa tano

Adolphine,

Mulifanya muzuri Samedi ile. Maji ilikuwa baridi.

Nyumba iko mukubwa sasa. Sikuyua bintu byake byote bilikuwa mingi vile. Mulienda nabyo, byote bikaingia mu gari moja.

Lundi Michée alileta bantu ba kuvunja barza. Nilibakatalia. Nilikamata nyundo yangu, nikaivunja miye. Ilikuwa nguvu, nilimujengeaka Germaine na simenti ya kweli. Ilinikula mpaka jioni. Ule wa bar alikuya kubeba majiwe, sikumuita. Hakusema kintu. Ao alisema.

Mardi kamba ilipita mustari moja, toka ku bar mpaka mwisho. Bote balipiga mikono.

Naikala ndani sasa. Pa mbele hakuna fasi.

Uliahidi kuandika. Andika.

Anaclet


Lubumbashi, tarehe 22 mwezi wa sita

Adolphine,

Nono alipita. Nilimuonyesha mikono, yeye alinionyesha mikono. Hana kintu.

Balimaliza kanivo ku mpande ya Constance. Yangu bado. Vumbi ni mingi, baridi ni mingi. Michée ananionyeshaka plan, natikisa kichwa.

Uko mugonjwa?

Anaclet


Lubumbashi, tarehe 3 mwezi wa munane

Adolphine,

Nono aliandika mu mukono wake juu nisome: hauko mugonjwa, uko unauzisha.

Ni muzuri.

Pavé ilifika kwangu.

Anaclet


Likasi, tarehe 14 mwezi wa kenda

Anaclet,

Barua hii nilianza mara mingi. Naandika «Shemeji», nakata. Naandika tena, nakata. Karatasi inaisha, nawashia nayo moto.

Siku ile ya kukunawisha maji, pa mulango yako, mujomba Faustin alisema mbele ya bote: «Tangu leo muntu huyu si wetu tena. Iko huru, aende pale anapenda.» Alisema pole pole, weye haukusikia. Ulikuwa unaangalia mujomba na maji inatiririka ku uso, unatikisa kichwa sawa muntu anapatiwa zawadi. Mi nilisikia. Nilishika mufagio, nikafagia pale nilishafagia.

Juu ya ile sikuandika. Haikuwa kazi, haikuwa hasira. Sikujua nianze barua na nini. Leo nikasema, basi, alikuwa na jina mbele ya kuoa yaya yangu. Nimeandika jina. Ukiona ni mubaya, niambie.

Ba mama ku soko habaniite tena fiancée. Banauliza: ule muzee wa barua, alikufa? Nabaambia alishakufa mara moja, inatosha.

Bikwembe bya yaya tuligawanya. Ile ya kijani ni yangu. Inanikaza pa mabega, lakini navaa.

Kama haupendi kujibu, acha.

Adolphine


Lubumbashi, tarehe 26 mwezi wa kumi

Adolphine,

Barua ilifika. Si mubaya.

Leo mvua ya kwanza. Kubwa. Bantu bote balitoka, balisimama ku mpande na mpande, kuangalia kanivo. Maji ilikuya na matope, mifuko, kiatu moja. Ilipita mbele ya bar. Ilipita mbele ya Constance, haikuingia kwake. Ilipita mbele yangu, haikusimama, ilienda. Batoto balikimbia nayo. Ule wa bar alicheza mu mvua na tumbo yake inje. Constance alinishika mukono, midomo yake inasema, inasema. Sikusikia yeye, sikusikia maji. Niliona tu. Bo balicheka, nikacheka nabo.

Kisha giza ikaanza. Kila muntu aliingia mbio kwake, na nguo ya maji, kuambia bale balibakia mu nyumba.

Na miye niliingia mbio.

Nikasimama mu nyumba.

Basi nakuambia weye. Maji inapita.

Anaclet